Refa na ripoti ya mechi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (kwa waamuzi wa Mtwara na Lindi)

Haya ni maswali ambayo marefa wa ligi za wilaya na ndondo (mashindano ya mtaani) huuliza kila msimu, kuanzia Mtwara mjini, Masasi, Newala, mpaka Lindi, Nachingwea na Ruangwa. Anayejibu anapuliza huku huku, viwanja vya mchanga na vya shule, sio wa ofisini. Na kama mashindano yako yana kanuni zake basi kanuni ndo zinamaliza ubishi, soma kwanza hizo.

Mechi imeisha salama, hakuna kadi hakuna ugomvi, ripoti ya nini tena?

Sheria namba 5 ya mpira wa miguu inasema refa anapeleka ripoti kwa wahusika, na ndani yake zinakuwemo adhabu alizotoa na matukio mengine yaliyotokea kabla, wakati na baada ya mechi. Haisemi andika ukipigwa mawe tu. Mechi tulivu ripoti yake ni nusu ukurasa: timu, uwanja, tarehe, saa ya kuanza, matokeo ya mapumziko na ya mwisho, wafungaji na dakika zao, sabu, waamuzi wenzako, basi. Utaona kazi yake siku mbili baadae pale timu iliyofungwa inapokuja na rufaa kwamba wenzao wamechezesha mamluki (wachezaji wasiostahili kuichezea timu hiyo), hapo kila mtu anatafuta fomu ya wachezaji na anayeulizwa wa kwanza ni wewe.

Si kuna kamisaa? Yeye anaandika, kwanini na mimi niandike?

Kamisaa anaangalia shughuli nzima, uwanja, ulinzi, viongozi, mpaka nyie waamuzi. Wewe unaandika maamuzi yako na ulichokiona. Mnaweza kukaa mkalinganisha namba za jezi, dakika na matokeo, hiyo haina shida na inasaidia, ila maelezo ya tukio kila mtu aandike ya kwake. Kamati inayoamua kesi za mechi ikikuta ripoti mbili zimefanana mpaka makosa ya herufi inajua mmekaa meza moja, na kuanzia hapo haiamini hata moja.

Naanza kukusanya taarifa saa ngapi?

Ukifika uwanjani, sio filimbi ya mwisho. Mamlaka yako yanaanza pale unapoingia kukagua uwanja kabla ya mechi na yanaisha ukitoka uwanjani baada ya mechi, kwahiyo ugomvi wa kwenye kupasha misuli nao ni wako. Kagua magoli, nyavu, mistari (huku kwetu mistari ya majivu inafutika kabla ya kipindi cha pili, andika), kusanya fomu za timu zote mbili, hakiki leseni na sura, alafu andika nani alikuja amechelewa na kwa dakika ngapi.

Kidaftari kiwe kidogo cha kuingia mfukoni, na penseli, sio peni. Joto la Mtwara mwezi wa kumi na mbili jasho linalowesha mfuko mzima, wino unasambaa unabaki unabahatisha kama ile ilikuwa 6 au 8. Na andika namba pamoja na timu kila unapotoa kadi, pale pale. Kombe la Dunia 2006 kule Ujerumani, mechi ya Kroatia na Australia, refa Graham Poll wa Uingereza alimpa Josip Šimunić wa Kroatia njano tatu ndo akamtoa, maana ile ya pili aliiandika kwa namba 3 wa Australia wakati namba 3 wa kweli alikuwa wa Kroatia. Ule ni uwanja wa Stuttgart una kamera kila kona, sasa wewe kwenye uwanja wa shule ambao timu zote mbili zimekuja na jezi zinazokaribiana rangi itakuwaje.

Dakika naandikaje? Saa inasoma 33 na sekunde 20.

Andika 34. Dakika ya kwanza ni kuanzia filimbi mpaka sekunde ya 59, kwahiyo ikisoma 33:20 upo ndani ya dakika ya 34. Muda wa nyongeza andika 45+2, 90+4, usiandike 47 kwa tukio la kipindi cha kwanza maana msomaji atadhani ni kipindi cha pili. Na saa ya ukutani chagua mfumo mmoja. Kama fomu inataka 17:22 andika hivo kote, kama unaandika saa 11:22 jioni basi iwe hivo kote, ukichanganya kamati itakaa nusu saa inabishana kama mechi ilivunjika jioni au usiku.

Kadi ya njano inahitaji maelezo?

Mistari miwili inatosha, ila sababu iwe ile ya kwenye sheria namba 12 sio ya kichwani kwako. Kupinga maamuzi kwa maneno au vitendo, kuchelewesha mchezo kuanza, kutokaa umbali unaotakiwa kwenye faulo au kona, kuingia au kutoka uwanjani bila ruhusa, kurudia rudia makosa, na tabia isiyo ya kimichezo ambayo humo ndani ipo mpaka kujiangusha kutafuta penalti. "Alikuwa na dharau" sio sababu, andika alichofanya: "alipiga mpira mbali baada ya filimbi", imeisha.

Mtu akipata njano mbili andika zote mbili, kila moja na dakika yake na sababu yake, alafu nyekundu. Wengi wanaandika ile ya pili tu. Na kama mechi imefika kwenye matuta, njano ya ndani ya mechi haihami kwenda kwenye matuta, mtu mwenye njano akipata nyingine wakati wa kupigiana penalti hatolewi, ila zote mbili zinaandikwa na useme ipi ilikuwa wakati gani.

Na nyekundu? Hapo ndo huwa nakwama kabisa.

Hapa tukae kidogo maana hapa ndo kesi zinapofia. Ripoti nyingi zinakuja hivi:

"Namba 5 wa wageni alicheza rafu mbaya sana ya makusudi nikamtoa kwa kadi nyekundu."

Jiweke kwenye kiti cha mjumbe wa kamati ambaye siku ile alikuwa shambani kwake anaokota korosho. Amepata nini hapo? Rafu ya mguu, kiwiko au kichwa? Mpira ulikuwepo? Aliyechezewa aliendelea au alibebwa? Na hiyo makusudi umeionaje, ipo moyoni mwa mtu. Sheria kwenye rafu haikuulizi makusudi, inauliza kama alitumia nguvu kupita kiasi au alihatarisha usalama wa mwenzake. Sasa linganisha na hii:

"Dakika ya 67, matokeo yakiwa 1-1, mchezaji namba 5 wa wageni (jina kamili kama lilivyo kwenye fomu) aliruka mguu wa kulia ukiwa umenyooka, meno ya njumu yakiwa mbele, akamkanyaga namba 9 wa wenyeji juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Wote wawili walikuwa wanagombea mpira, karibu na mstari wa kati upande wa mabenchi. Nilikuwa umbali wa kama mita 8 na hakuna aliyenikinga. Nilimwonyesha kadi nyekundu kwa rafu iliyohatarisha usalama wa mwenzake. Namba 9 alitibiwa nje ya uwanja kwa muda wa kama dakika mbili akarudi kuendelea. Namba 5 alitoka bila kubishana. Mchezo ulianza tena kwa faulo ya moja kwa moja kwa wenyeji."

Hakuna neno kali hata moja pale na bado mtu anaona mguu ulipotua. Dakika, matokeo, nani, alimfanya nani, kwa kiungo gani, mahali gani pa mwili, mpira ulikuwa wapi, wewe ulikuwa wapi, nini kilifuata, mchezo ulianzaje. Ukishazoea inakuchukua dakika kumi tu. Na kama alipotolewa hakutoka vizuri, alivua jezi akaitupa, akamfuata mshika kibendera, hayo ni matukio mapya, yape sentensi zake, usiyabandike kwenye ile ya rafu.

Kugombea mpira na kupigana, zote nyekundu, kuna haja ya kutofautisha?

Haja ipo kubwa sana, kamati inaangalia hapo hapo. Kama walikuwa wanagombea mpira ukiwa mchezoni na mmoja akaingia kikatili, ile ni rafu mbaya ya kimchezo. Kama mpira upo kona ya huko na mtu kampiga mwenzake ngumi, au kampiga mshabiki, kocha, au wewe, ile ni vurugu, na ni vurugu hata kama ngumi haijampata. Kung'ata na kutema mate kuna kifungu chake peke yake. Kumzuia mtu nafasi ya wazi ya goli nako kifungu chake, na hiyo usiiandike "alikuwa mtu wa mwisho" maana sheria haina mtu wa mwisho. Eleza umbali kutoka golini, mshambuliaji alikuwa anaelekea wapi, mpira alikuwa anaumiliki au angeufikia, na mabeki wengine walikuwa wapi na wangapi.

Matusi niyaandike kama yalivyo? Naona aibu.

Andika kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu. "Alinitukana matusi ya nguoni" haisaidii, kwa wengine "refa mjinga" ndo la nguoni, kwa wengine wanaanzia kwa mama. Kamati haiwezi kupima tusi ambalo haijalisikia. Akitukana kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao andika ulivyosikia na chini yake uweke maana kwa Kiswahili, kama lugha huielewi usibuni, sema alisema maneno ambayo hukuyaelewa akiwa amekunyooshea kidole, alafu msaidizi wako aliyeelewa aandike ya kwake. Ishara za mikono nazo zinaelezwa, mkono gani ulifanya nini, usiandike "ishara chafu" ukaishia hapo.

Benchi lote linapiga kelele, sijui nani katukana.

Tangu 2019 viongozi wa benchi wanaonyeshwa kadi kama wachezaji. Ukimjua aliyefanya mpe yeye, usipomjua adhabu inamwangukia kocha mkuu aliyepo pale kwenye eneo la ufundi. Kwenye ripoti sema wazi kwamba aliyetamka hakutambulika na kocha mkuu kapewa kwa msingi huo, vinginevyo itasomeka kama kocha ndo katukana na atakuja kamati na mashahidi kumi.

Mashabiki wameingia uwanjani, mechi imevunjika. Naandika nini?

Kwanza toka salama na wenzako, ripoti haiandikwi na marehemu. Ukishakaa mahali pa usalama andika hapo hapo kwenye kidaftari kabla hujaongea na mtu, maana baada ya saa moja kila mtu atakusimulia mechi yake na utaanza kuchanganya.

Kwenye ripoti fuata mtiririko wa saa. Dakika ngapi ya mechi na saa ngapi ya ukutani ulisimamisha, matokeo yalikuwa ngapi, nani alikuwa na mpira na mchezo ungeanzaje. Nini kilichochea, mfano penalti uliyotoa, goli ulilokataa, hata kama linakugusa wewe andika. Nani aliingia, wa upande gani na umejuaje, kwa jezi? walitokea jukwaa gani? Usiandike "mashabiki wa wenyeji" kwa sababu tu mechi ilikuwa kwao. Wangapi, na kama huna hesabu sema "zaidi ya 30 kwa kukadiria". Walibeba nini, walimgusa nani. Askari au mgambo walikuwepo wangapi na walifanya nini. Ulizungumza na manahodha na kamisaa? Ulisubiri muda gani? Na kwanini uliona haiwezekani kuendelea.

Alafu unaishia hapo. Sheria namba 7 inasema mechi iliyovunjika inarudiwa isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji waamue vingine, zile pointi tatu na magoli matatu za mezani ambazo vijiwe vyote vya Soko Kuu vinazijadili usiku huo sio za kwako kugawa. Msimu wa korosho ndo mbaya zaidi, hela ipo, ndondo zinakuwa nyingi, zawadi kubwa na uwanja umejaa mpaka mstarini, kwahiyo kama uliona kabla ya mechi kwamba hakuna kamba wala askari ukamwambia mwandaaji, andika kwamba ulimwambia, saa ngapi na alikujibu nini.

Na giza je? Hatuna taa.

Viwanja kama Nangwanda Sijaona, Ilulu au Majaliwa pale Ruangwa vina mpangilio wao, sisi wengine tunategemea jua. Piga hesabu: 45 na mapumziko 15 na 45 ni dakika 105. Mechi ya saa 10 ikianza saa 10 na nusu unamaliza saa 12 na robo kabla hujaongeza hata dakika moja, na mwezi wa sita huku jua linazama saa 12 na dakika chache. Kwahiyo sababu ya kuchelewa kuanza ndo roho ya ripoti yako. Nani alichelewa, fomu zililetwa saa ngapi, leseni zilikaguliwa mpaka saa ngapi. Ukiandika "mechi ilivunjika kwa sababu ya giza" tu, timu iliyochelewa inajificha nyuma ya jua. Kama ni mvua ya masika sema maji yalisimama wapi, mpira ulikuwa unadunda au hapana, na kama mliujaribu pamoja na manahodha. Mapumziko ya maji nayo weka: ya kunywa tu yasizidi dakika moja, ya kupoza mwili kwa joto ni sekunde 90 mpaka dakika tatu, na huo muda unaufidia.

Timu imekuja na wachezaji saba.

Saba inacheza. Chini ya saba haianzi, na wakipungua chini ya saba katikati haiendelei. Andika majina ya waliokuwepo, na waliotoka wametoka kwa kadi au kwa majeraha na dakika gani, maana kuna timu zinafungwa 5-0 ghafla wachezaji wawili wanaumwa misuli kwa pamoja, wewe andika ulichoona na kwamba walikaa chini bila kuguswa na mtu, kamati itajaza yenyewe. Timu isipotokea kabisa, andika saa uliyokuwa uwanjani, muda uliosubiri kwa mujibu wa kanuni za mashindano hayo, na kwamba timu iliyofika ilikuwa tayari na jezi.

Mshika kibendera kaona, mimi sikuona. Niandike nimeona?

Hapana. "Mwamuzi msaidizi namba 1 alinyoosha kibendera na kunijulisha kwamba…" alafu yeye aandike maelezo yake na kusaini, yaambatanishwe. Hakuna ubaya wowote, sheria inakuruhusu kuamua kwa taarifa ya mwenzako.

Nilimpa kadi mtu asiye yeye, nimegundua nikiwa nyumbani.

Andika ukweli huo kwenye ripoti, uliyemwonyesha ni nani, mkosaji halisi ni nani, umegundua vipi. Usibadilishe kimya kimya, uwanja mzima umeona uliyemwonyesha.

Clip inazunguka WhatsApp inaonyesha tofauti na nilivyoamua.

Ripoti ni ya ulichokiona wakati ule na mahali ulipokuwa umesimama. Usiangalie clip alafu ukaandika kama vile ndo macho yako. Ukitaka itaje kama jambo la pembeni, kwamba ipo video ambayo umeiona baada ya mechi. Mi nashauri ripoti imalizike kwanza, magrupu baadae.

Nipendekeze afungiwe mechi ngapi?

Usipendekeze. Na hizi "achukuliwe hatua kali iwe fundisho kwa wengine" zitoe kabisa, zinakufanya uonekane una ugomvi nae.

Majeruhi wanaingia?

Wale waliotoka, waliobebwa, na wote waliogonga kichwa. Dakika, sehemu iliyoumia, nani alimtibu. Kama hakukuwa na mtu wa huduma ya kwanza uwanjani sema hakukuwepo.

Kiongozi wa timu kanipigia usiku anasema "kaka ile nyekundu iandike njano mbili, nauli yako ipo".

Andika simu hiyo. Siku, saa, namba iliyopiga, alijitambulisha kama nani, alisema nini, ulimjibu nini. Meseji piga skrinshoti usifute. Watu wanaogopa hapa kwa sababu mji mdogo, mnasali msikiti mmoja, mtoto wake anasoma na wako, naelewa. Ila yeye mwenyewe kesho anaweza kusema umepokea, na asiyeandika ndo anayeshukiwa. Lifti ya basi la timu pia, usipande. Ukilazimika kupanda kwa sababu Newala jioni ile hakuna gari lingine, mwambie kamisaa kabla na uandike.

Niandike kwa mkono au kwa simu, Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili, kama fomu haijasema vingine. Kwa mkono sawa kama mwandiko unasomeka, piga picha kila ukurasa kabla hujautuma, mtandao ukikaa vizuri tuma. Muda wa mwisho upo kwenye kanuni, usisubiri siku ya mwisho. Nakala baki nayo, na kidaftari usikitupe mpaka msimu uishe.

Nimeitwa kwenye kamati, niende na nini?

Kidaftari, nakala ya ripoti, fomu za wachezaji, na simu yenye zile picha. Soma ripoti yako usiku wa kuamkia kikao, na ukiulizwa jambo ambalo halimo na hukuliona jibu "sikuona", usianze kusaidia. Ukitokea Liwale au Tandahimba lala mjini siku moja kabla maana kikao cha saa 3 asubuhi hakikusubiri wewe na basi lako, na hiyo nauli ulizia mapema nani analipa.